Mtoto Aliyegonga Kichwa: Somo juu ya Mtikisiko wa Ubongo

Pikipiki inapoanguka kwenye miteremko ya Kagugu, swali la kwanza la walioshuhudia huwa ni kama kuna aliyevunjika au aliyetokwa na damu. Mtoto aliyeinuka mwenyewe, akapangusa vumbi na kusema hana kitu, hupelekwa nyumbani. Mara nyingine dereva na mzazi hupatana pale pale, kila mmoja akashika njia yake. Somo letu la leo linamhusu mtoto huyo.

Ubongo umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinapopigwa, au mwili unapotikiswa kwa nguvu, ubongo husukwasukwa na kazi zake huvurugika kwa muda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi hudhani ni lazima mtu azimie. Sivyo, kwani walio wengi hawazimii kabisa. Hata picha ya kichwa inayopigwa hospitalini mara nyingi haionyeshi kasoro. Kofia ngumu hupunguza sana vifo na majeraha mabaya, nasi hatutachoka kuihimiza, lakini haiwezi kuuzuia kabisa ubongo usisogee. Tena ile ya mtu mzima hucheza kichwani mwa mtoto.

Dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, kuuliza jambo lile lile mara mbili. Siku zinazofuata, mwanafunzi aliyekuwa makini husahau, hukasirika upesi, hukosa usingizi. Hapo ndipo mtoto huonewa: mwalimu humwita mvivu, mzazi humwita mkaidi. Nasi askari hatujitoi katika lawama hii. Kijana anayeyumba na mwenye ulimi mzito baada ya kuanguka hufanana mno na mlevi. Anayemkuta barabarani hana budi kuuliza kwanza kama amegonga kichwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Benjamin Robinson, mwanafunzi wa miaka 14 wa Ireland ya Kaskazini, alifariki mwaka 2011 baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule, huku akiendelea kucheza. Miaka michache kabla, mwaka 2006, Zackery Lystedt wa jimbo la Washington, Marekani, aliumia kichwa akiwa na miaka 13, akarudi uwanjani siku ile ile, na jeraha likamwachia ulemavu. Kwa ajili yake jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2009: kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe mchezoni, wala asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Mwalimu wa michezo wa Kagugu anaweza kuifuata kanuni hiyo jioni hii, bila kungoja amri.

Watoto na vijana hupona polepole kuliko watu wazima. Wengi huhitaji hadi wiki nne. Siku moja au mbili za mwanzo mtoto apumzike, simu na televisheni zipunguzwe, atembee kidogo nyumbani. Kisha arudi darasani, kwa saa chache ikibidi. Mpira uwe wa mwisho. Ile desturi ya kumkesheza asilale haina faida: akishapimwa na mganga na kuonekana hana dalili za hatari, aachwe alale.

Lakini akitapika tena na tena, maumivu yakizidi, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, majimaji yakimtoka puani au sikioni, au ikiwa vigumu kumwamsha, pigeni 912 kuita gari la wagonjwa. Ajali ya barabarani huripotiwa kwa 113, hata kama mmekwisha kupatana. Mkifika kwa mganga, mwelezeni saa ya ajali, jinsi mtoto alivyoanguka, na kama kuna kipande cha siku hiyo asichokikumbuka.