Jumlisha Kwanza, Chuja Baadaye: Somo la Kusoma Madeni ya Ankara

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta, lakini fedha za umma bado zaweza kupotea machoni pa mhasibu iwapo programu ya ripoti itaulizwa swali lisilo sahihi.

Chukulia mfano wa walipaji watatu wa ushuru katika kijiji cha Mlingotini, penye wavuvi na wakulima wa mwani. Inatakiwa orodha ya wanaodaiwa zaidi ya shilingi 100,000, pamoja na jumla ya madeni yao. Kumbukumbu zinaonyesha hivi:

Mlipaji wa kwanza: ankara za 40,000, 35,000 na 45,000.
Mlipaji wa pili: ankara moja ya 110,000.
Mlipaji wa tatu: ankara ya 130,000, naye amekwisha kulipa 70,000.

Mtumishi akichuja ankara moja moja zinazozidi 100,000, atapata mlipaji wa pili na wa tatu, jumla 240,000. Orodha hiyo si sahihi. Mlipaji wa kwanza, anayedaiwa 120,000, hayumo. Wa tatu, aliyebakiza 60,000 tu, ataletewa hati ya madai asiyostahili. Jibu sahihi ni mlipaji wa kwanza na wa pili, jumla 230,000. Tofauti ya fedha ni 10,000 tu, hivyo kosa halionekani kwa kutazama jumla peke yake.

Utaratibu unaofaa una hatua nne.

Kwanza, ankara na malipo viunganishwe kwa namba ya utambulisho wa mlipakodi. Jina laweza kuandikwa kwa namna mbili, na namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa GePG hutambulisha ankara, si mtu.

Pili, kila kundi lijumlishwe, malipo yakiondolewa.

Tatu, kiwango cha 100,000 kiwekwe juu ya jumla ya kundi, si juu ya mstari mmoja. Katika Excel, kazi hiyo hufanywa kwa jedwali egemeo, kwa kuchuja kwa thamani ya jumla.

Nne, jumla kuu ihakikiwe. Katika baadhi ya programu, Crystal Reports ikiwemo, kundi lililoondolewa kwenye orodha kwa kichujio cha makundi huendelea kuhesabiwa katika jumla kuu ya kawaida. Katika mfano huu ripoti ingeonyesha majina mawili na jumla ya 290,000. Hapo hutumika jumla endelevu, inayohesabu makundi yaliyobaki pekee.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inazipa halmashauri mamlaka ya kutoza ushuru. Mamlaka hayo huambatana na wajibu wa kumdai kila mmoja kile anachodaiwa kweli. Kabla hati ya madai haijasainiwa, majina machache yahesabiwe kwa mkono. Yakilingana na ripoti, ndipo hati zitoke.