Mkono Chini ya Mbavu

Basi la Dar lilikuwa bado halijatokea upande wa Segera. Kijana alikalia begi lake kando ya barabara, hapo Kabuku, barua ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ikiwa mfukoni. Babu yake, mganga wa zahanati aliyestaafu, alikuwa akimenya chungwa.

"Babu, huyu anasema Muhimbili ni hospitali, yule anasema ni chuo. Mimi nakwenda wapi hasa?"

"Kote kuwili. Ila vitanda ndivyo vilivyotangulia, mjukuu wangu. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1956, ikapewa jina la Princess Margaret, mdogo wake Malkia wa Uingereza wa wakati huo. Na kabla ya hiyo palikuwa na hospitali ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo, iliyojengwa 1897 kwa fedha zake. Utakuta wodi zinaitwa Sewahaji. Ukisikia mtu kalazwa Sewahaji, ujue ni jina la mtu hilo, si la mtaa."

"Na chuo?"

"1963, chini ya Wizara ya Afya."

"Uhuru una miaka miwili tu! Haraka ya nini?"

Mzee alitema kokwa. "Mwalimu Nyerere alikuwa akisema Waingereza walituachia madaktari 12. Mtoto wa hapa akitaka udaktari alikwenda Makerere, akafundishiwa Mulago. Sasa wewe ungengoja warudi wangapi?"

Akaendelea kuhesabu kwa vidole vilivyolowa maji ya chungwa: 1968 chuo kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili, 2000 vikatenganishwa, 2007 chuo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. "Wameoana, wameachana, na bado wanaishi ua mmoja. Mwalimu anayekufundisha darasani ndiye utakayempata wodini akipita raundi."

"Kwa hiyo vitabu si kitu?"

"Nimesema hivyo? Miaka ya mwanzo utavila hivyo hivyo vitabu. Haya, lala hapo kwenye benchi. Kunja magoti."

Abiria wawili wakageuka kutazama. Mzee alifuta mkono kwenye msuli, akaanzia chini, kulia kwa kitovu, akawa anapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto.

"Vuta pumzi. Ukivuta, bandama hushuka likaja kwenye vidole. Mwanafunzi mwenye pupa huanzia mbavuni. Likiwa limevimba sana, mkono wake unakuwa tayari uko juu yake, asijue. Malaria ya huku Handeni na Korogwe, inayovimbisha bandama, imenifundisha."

Honi ilisikika. Kijana akainuka, akichomekea shati.

"Umelipata, babu?"

"Sijapata kitu. Ningelipata, basi lingekuacha."