KUNUNUA MOTOKAA KUBWA ILIYOKWISHA TUMIKA

Mtu mwenye akiba ya kadiri atakaye kununua motokaa huona ajabu moja sokoni. Motokaa kubwa ya milango minne, kama Mercedes-Benz au Toyota Crown, ambayo ilipokuwa mpya ilinunuliwa na matajiri, ikiisha kutimiza miaka ishirini au thelathini huweza kuuzwa kwa bei ya motokaa ndogo, au hata chini yake. Viti vyake ni vipana, mwendo wake ni wa raha, na jamaa wote wa nyumba huenea ndani yake.

Lakini yafaa ijulikane tangu mwanzo kwamba bei ya gari ndiyo iliyoshuka. Bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya tajiri hudai breki za tajiri mpaka siku yake ya mwisho. Kwa sababu hiyo wako wanunuao kwa furaha, na baada ya miezi michache gari husimama uani juu ya mawe, na karo ya watoto imekwisha potelea katika injini isiyowaka. Wahenga walisema, rahisi ghali.

KUGAWA FEDHA

Kanuni ya kwanza ni kutomaliza fedha zote siku ya kununua. Mathalan, mwenye shilingi 600,000 asitafute gari la shilingi 600,000. Na atafute la shilingi 450,000, na zile 150,000 aziweke kando kwa matengenezo ya mwanzo: oili na filta, mikanda ya injini, maji ya breki, betri na matairi. Asiyeweza kuweka akiba hiyo, basi gari hilo si kiasi chake, na heri achague dogo zaidi.

Kisha na apige hesabu ya petroli. Tuseme gari kubwa huenda kilomita 8 kwa lita moja, na dogo huenda kilomita 16. Mtu aendaye kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji lita 125 kwa lile kubwa, na lita 62 na nusu tu kwa lile dogo. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi, hata gari lisipoharibika kamwe. Na aulize pia habari za bima mapema, kwa maana kampuni nyingi hazikubali kulipa gari kuukuu bima kamili, bali ile ya kufidia watu wengine tu.

KUCHAGUA AINA

Nchini Kenya motokaa iliyotumika hairuhusiwi kuingizwa kutoka ng'ambo ikiwa imezidi miaka minane. Kwa hiyo iliyo kuukuu zaidi hununuliwa kwa mtu aliye nayo hapa hapa, na jambo hili lina faida yake: mnunuzi aweza kuonana na mwenyewe, kuuliza fundi wake ni nani, na kuomba risiti za matengenezo. Risiti za miaka mitano zina thamani kuliko rangi mpya.

Yafaa kuchagua aina inayojulikana sana na mafundi. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilipata sifa kwa kustahimili barabara mbovu. Mercedes-Benz ya namna ya W123, iliyotoka mwaka 1976, ina sifa kama hiyo. Iliyoifuata, W124, ni nzuri pia. Lakini nyingi katika zile za karibu mwaka 1993 hadi 1995 zina ila moja: ngozi ya nyaya za injini hukauka na kupasuka kwa joto. Mnunuzi na azitazame nyaya hizo kabla ya kutaja bei.

KUKAGUA

Gari likaguliwe mchana, wala si wakati wa mvua, maana maji huficha makovu ya rangi. Injini na iwe baridi mnunuzi afikapo. Muuzaji aliyekwisha ipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka.

Moshi husema mengi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweusi ni petroli kupita kiasi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, huenda gasketi ya kichwa cha injini imekufa.

Giaboksi ya otomatiki ni ghali kutengeneza. Ikiwa ina kijiti cha kupimia, oili yake isiwe nyeusi wala isinuke kuungua. Na gia ziingie bila kishindo wala kukawia.

Kutu hutafutwa chini ya zulia, ndani ya buti na chini ya milango, hasa kwa gari lililokaa pwani. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ni msaada mkubwa: isiponata juu ya bati la chuma, hapo pamezibwa.

Matairi nayo yana umri. Tarakimu nne za mwisho ubavuni, kama 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la miaka mingi si la kuaminiwa, ijapokuwa meno yake yangalipo.

Mwisho, na amlipe fundi asiyejuana na muuzaji ili aliinue gari na kulitazama chini. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara.

HATI

Namba ya chasisi na ya injini zilingane na zile za logibuku. Habari za gari zitafutwe pia katika mtandao wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Jina la benki likionekana pamoja na la muuzaji, maana yake huenda deni halijaisha, na gari laweza kuchukuliwa hata mikononi mwa aliyelinunua kwa nia njema. Fedha zisitolewe kwa ahadi ya kuleta hati kesho. Malipo yapitie benki, mkataba uandikwe, na umilikaji uhamishwe mara moja.

Muuzaji akisema yuko mteja mwingine njiani, na aachiwe mteja huyo. Magari makuukuu ni mengi, bali akiba ya miaka kumi hupotea kwa siku moja.