Rikoda, Muziki wa Kale na Riziki: Maswali ya Kijana wa Ngara na Biharamulo

Rikoda ni ala gani, na inatofautianaje na filimbi za ukanda huu?

Rikoda ni filimbi inayopulizwa ikiwa wima, yenye matundu saba mbele na moja la kidole gumba nyuma, na mdomoni mwake mna kizibo kinachoacha mfereji mwembamba wa kupeleka pumzi kwenye ukingo mkali ambapo sauti huanzia. Kwa sababu ya kizibo hicho mwanafunzi hupata sauti siku ya kwanza, jambo lililoipa ala hii sifa isiyoistahili ya kuwa kichezeo cha watoto. Filimbi za Maziwa Makuu, kama vile umwironge wa Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kihangaza na Kishubi cha Ngara nchini Tanzania, omukuri wa wafugaji wa Ankole na endere ya Waganda yenye matundu manne, humtaka mpigaji aelekeze pumzi kwa midomo yake mwenyewe, kazi iliyo ngumu zaidi. Anayezimudu hizo ameshajua kutawala pumzi na vidole, na mara nyingi kinachombakia ni kusoma nota.

“Muziki wa kale” ni upi?

Ni muziki wa Ulaya uliotungwa hadi kama mwaka 1750, unaopigwa kwa ala na kanuni za wakati wake. Jacob van Eyck, kipofu aliyekuwa mpiga kengele wa Utrecht katika karne ya 17, aliacha mkusanyiko mkubwa wa tungo za filimbi isiyosindikizwa, na Bach aliziweka rikoda mbili katika tamasha la nne la Brandenburg mwaka 1721. Baadaye filimbi ya kulaza, yenye sauti kubwa zaidi, iliisukuma rikoda pembeni kwa zaidi ya karne moja. Ilirudi kwa mkono wa Arnold Dolmetsch, ambaye baada ya mfuko uliokuwa na rikoda yake ya zamani kupotea katika stesheni ya Waterloo, London, mwaka 1919, alijitengenezea nyingine na kuanza kuzitengeneza kwa ajili ya wengine.

Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii?

Wachache sana huishi kwa kupiga peke yake, kwa kuwa okestra ya kawaida haina kiti cha kudumu cha rikoda, na mpigaji hualikwa tu pale tungo inapomhitaji. Hata Mholanzi Frans Brüggen (1934–2014), ambaye pengine ndiye mpigaji maarufu kuliko wote wa karne ya 20, aliunganisha upigaji na ualimu, kisha akaanzisha okestra yake mwaka 1981 na kuiongoza. Katika Afrika Mashariki riziki iliyo karibu zaidi ni ualimu: mtaala wa umilisi wa Kenya umeiingiza rikoda katika mafunzo ya muziki ya shule ya msingi, na kila darasa linalopewa ala linahitaji mwalimu anayeijua barabara. Kijana wa Biharamulo anayeota majukwaa ya Ulaya pekee anajitafutia njaa.

Ajifunzie wapi?

Aanze na kwaya ya kanisa, ambako solfa na nota hupatikana bila ada. Baada ya hapo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Taaluma yenyewe ya muziki wa kale hufundishwa mbali, kwa mfano katika Schola Cantorum Basiliensis ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1933.

Anunue ala ipi?

Plastiki inatosha kwa miaka ya mwanzo, kwani haipasuki kwa unyevu wala jua na huoshwa kwa maji. Ala nzuri za mti hutengenezwa pia kwa mpingo, mti uleule unaovunwa Kilwa, ambao hurudi nchini ukiwa na bei ambayo mvunaji hawezi kuilipa. Kuna mpangilio wa vidole wa Kijerumani, uliobuniwa katika miaka ya 1920 ili kurahisisha nota moja, lakini ukavuruga nyingine nyingi. Hutambulika kwa tundu la tano la mbele kuwa dogo kuliko la nne. Mnunuzi alikague tundu hilo dukani, na akilikuta dogo airudishe ala kwa muuzaji na kuomba ya mpangilio wa Baroko, usio na kasoro hiyo.