Dondoo muhimu: Ua la Usambara bila udongo

Saintpaulia, ua ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892, porini hushika kwenye nyufa za miamba ya kivulini, penye udongo kiduchu. Ukilipanda ndani ya udongo mzito, mizizi huoza.

Badala ya udongo, tumia mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, punje kama za mtama au kubwa kidogo. Yaoshe mpaka maji yatoke safi. Mche mkubwa uliozoea udongo husumbua kuhamishwa; afadhali uchomeke jani lenye kikonyo kwenye mawe hayo, usubiri lichipue.

Chungu kiwe na matundu. Kiweke kwenye sinia la maji kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Lushoto mwezi Julai maji ya bomba ni ya baridi mno na huacha madoa kwenye majani, basi yaache ndani yapungue ubaridi kwanza.

Mawe hayana chakula. Tia mbolea ya maji, robo tu ya kipimo cha pakiti, na kila mwezi pitisha maji matupu kuondoa chumvi.

Tafadhali usichimbe miche msituni. Baadhi ya spishi zake zimo hatarini kutoweka.