Eti "Hata Hivyo Asingepata Dawa": Hoja ya Kayafa na Majaribio ya Dawa



Binti mmoja anayesomea uuguzi aliniuliza wakati tunatoka kwenye semina ya vijana: "Frateri, nikipangiwa kazi kwenye utafiti wa dawa, na wagonjwa wenyewe wamesaini kwa hiari yao, mimi nitakuwa na kosa gani?" Nikamwambia swali hilo halijibiwi tukiwa tumesimama mlangoni. Somo la leo ni jibu langu kwake, na kwenu nyote ambao kesho mtakuwa wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara, au mtaombwa siku moja kusaini fomu kama hiyo.

Tuanze na Neno. Fungua Injili ya Yohane sura ya 11, usome aya ya 45 hadi 53. Lazaro ameshatoka kaburini, watu wengi wanamwamini Yesu, na wakubwa wamekutana barazani na hofu yao: Warumi wakija, tumekwisha. Hapo Kayafa, Kuhani Mkuu, anawaambia kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Mwinjili anasema alitoa unabii bila kujua. Lakini leo uache unabii pembeni kidogo, uitazame hoja yenyewe. Jamani, ni hoja nzuri! Haina matusi wala kelele. Ni hesabu tu, na hesabu haijakosewa: mmoja ni wachache kuliko wengi. Ukiisikia kikaoni unaweza hata kupiga makofi.

Sasa tuibebe hoja hiyo twende nayo kliniki ya wajawazito, miaka ya 1990.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walitangaza habari ambayo wengi waliipokea kwa machozi ya furaha. Dawa iitwayo AZT ilikuwa imezuia sehemu kubwa ya maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Bila dawa, watoto kama 25 katika kila 100 waliambukizwa. Kwa AZT, kama 8 tu. Utafiti ulikatishwa mapema na akina mama wote waliokuwa ndani yake wakapewa dawa, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana.

Ila kozi yenyewe ilikuwa nzito. Mama anameza vidonge mara tano kwa siku tangu akiwa mjamzito, anawekewa dripu ya dawa wakati wa uchungu, mtoto ananyweshwa dawa wiki 6, halafu hanyonyeshwi. Gharama yake ilikuwa kama dola 800 kwa mama mmoja. Ipeleke kozi hiyo kwenye zahanati ya kijijini, ambako mama anafika kliniki ujauzito umeshakuwa mkubwa na maziwa ya kopo hayanunuliki, uone itafika wapi.

Kwa hiyo watafiti wakauliza: je, kozi fupi, rahisi, ya bei nafuu, nayo ingesaidia? Swali hilo ni la haki kabisa, na Afrika ilikuwa inalihitaji kuliko mtu yeyote. Ugomvi ulizuka kwenye njia ya kulijibu. Katika tafiti nyingi zilizofuata, Afrika na kwingineko kwenye nchi maskini, baadhi ya akina mama walipangwa kwa bahati nasibu kupewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu lakini ndani yake hamna dawa.

Mfano ulio karibu nasi ni utafiti ulioitwa PETRA. Ulifanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban, na ulihusisha akina mama 1,797. Kundi la kwanza walipata AZT pamoja na dawa nyingine iitwayo 3TC kuanzia wiki ya 36 ya ujauzito, wakati wa uchungu, na siku 7 baada ya kujifungua, mama na mtoto. La pili walianza kwenye uchungu na kuendelea hizo siku 7. La tatu walipata wakati wa uchungu tu. La nne, plasebo mwanzo mpaka mwisho.

Watoto walipofikisha wiki 6, kundi la kwanza walikuwa wameambukizwa asilimia 5.7. Kundi la plasebo, asilimia 15.3. (Walipofika miezi 18 pengo lilikuwa limepungua, asilimia 15 kwa 22, kwa sababu ya kunyonya. Ndiyo maana baadaye dawa ziliongezwa hadi kipindi cha kunyonyesha.)

Mimi hukwama kwenye hizo namba za wiki 6. Kabla ya utafiti hakuna aliyezijua, tusiwaonee watu. Lakini kwamba AZT inaokoa watoto, hilo lilijulikana tangu 1994, na lilijulikana na waliokuwa wanagawa vile vidonge.

Mwaka 1997 moto ukawaka. Mwezi Septemba, madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika katika jarida kubwa la tiba, New England Journal of Medicine, kwamba tafiti hizo hazikuwa za kimaadili. Mhariri Marcia Angell alizilinganisha na Tuskegee. Kwa ambao hamjui: kule Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Mwezi Mei wa mwaka huohuo 1997, Rais Clinton alikuwa ameomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Unaweza kufikiria jinsi kulinganishwa huko kulivyouma.

Na waliojibu hawakuwa wazungu peke yao. Daktari Edward Mbidde wa Taasisi ya Saratani ya Uganda aliiandikia Marekani barua kali: tafiti hizi ni za Waganda, zinafanywa na Waganda, kwa ajili ya matatizo ya Waganda, msije kutuamulia maadili kutoka kwenu. Nakiri, barua hiyo inanigusa. Nani alimwambia profesa aliyekaa Boston kwamba anawapenda akina mama wa Kampala kuliko daktari anayewaona wodini kila siku?

Hoja yao ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza: ukiwa na kundi la plasebo unapata jibu haraka, kwa akina mama wachache zaidi, na watoto wa Afrika nzima wanafaidika. Mguu wa pili: mama aliyepewa plasebo hakunyang'anywa chochote, kwa sababu kwenye hospitali ya kawaida hata hivyo asingepata dawa.

Mguu wa kwanza mmeshautambua. Simwiti mtu yeyote Kayafa, maana wengi wao waliumia kuona watoto wakifa na walitafuta njia ya kutokea. Nasema tu kwamba umbo la hesabu ni lilelile. Na tayari palikuwa na dalili kwamba hapakuwa na ulazima. Thailand kulikuwa na utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Harvard uliolinganisha kozi fupi na kozi ndefu za AZT, bila plasebo. Februari 1998, utafiti mwingine wa hukohuko Thailand, huu wenye plasebo, ulionyesha kuwa kozi fupi inapunguza maambukizi kwa nusu, na PETRA wakaacha kuwapanga akina mama wapya kwenye plasebo. Pale Mulago, Kampala, utafiti ulioanza na kundi la plasebo ukalifuta na kuendelea kulinganisha dawa mbili zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1999 ukatoa jibu kubwa: kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama akiwa kwenye uchungu na dozi moja kwa mtoto kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kuliko AZT ya muda mfupi, kwa gharama ya kama dola 4. Jibu lilipatikana, na aliyelishika mkononi alikuwa mkunga wa wilayani.

Ni mguu wa pili unaoninyima usingizi. "Hata hivyo asingepata dawa." Sentensi hii inauchukulia umaskini wa yule mama kama hali ya hewa, kama vile dola 800 imeandikwa mbinguni. Bei ni uamuzi wa watu. Mwaka 2000 dawa za UKIMWI za mgonjwa mmoja kwa mwaka ziligharimu zaidi ya dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350. Ni miaka mitatu na ushee tangu ule ugomvi wa 1997! Leo mama mjamzito mwenye VVU hapa kwetu anaanzishiwa dawa bila malipo. Walioitumia ile bei kama kipimo cha haki ya mama walipima kwa fimbo iliyokuwa mikononi mwa mwenye duka.

Kuna jambo jingine pia. Mtu nisiyemfahamu, aliye mbali, sina dawa yake. Lakini nikishamwita kwa jina, nikampima damu, nikamwandika kwenye daftari langu na kumpangia tarehe ya kurudi, ameshakuwa jirani yangu kwa maana ileile ya njia ya Yeriko. Siwezi tena kusema kwamba kama nisingepita hapa angebaki vilevile. Nimepita.

Turudi kwenye swali la binti: si walisaini?

Padre aliyetufundisha maadili alikuwa na sheria ya ajabu darasani. Huruhusiwi kumtaja Kant mpaka umetaja kwanza mtu mmoja mwenye shida halisi. Kwa hiyo: chukua mama wa miaka 22, ametembea toka asubuhi, amepimwa, ameambiwa ana VVU siku hiyohiyo. Mbele yake kuna fomu. Akisaini, kuna uwezekano apate dawa ya mtoto. Asiposaini, hakuna kitu. Saini yake ni ya kweli, hakuna aliyemshika mkono. Lakini uhuru wake una ukubwa gani? Sasa mlete Kant, aliyefundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo, aone atasema nini.

Kanisa limesema wazi zaidi. Septemba 1952, dunia ikiwa bado inanuka majaribio ya Wanazi, Papa Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba faida ya sayansi au ya jamii haitoshi peke yake kumpa daktari ruhusa juu ya mwili wa mtu. Na mgonjwa mwenyewe si bwana wa mwisho wa mwili wake, kwa hiyo kuna mambo ambayo hata yeye hawezi kuyatolea ruhusa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafuata njia hiyohiyo: ridhaa ni lazima, lakini ridhaa peke yake haigeuzi tendo baya kuwa jema. Soma pia 2292 hadi 2294 mkiwa mnaendelea. Utaona Kanisa halipingi utafiti, na mimi siupingi. Watu walioko kwenye ARV leo wanaishi kwa sababu kuna waliokubali kujaribiwa.

Basi dada yangu muuguzi, ukipangiwa kazi hiyo, ipokee. Lakini ujue kwamba saini ya mgonjwa haikuondolei macho yako. Uliza kundi linalolinganishwa linapewa nini, na kama tiba inayojulikana ipo, kwa nini wao hawapewi. Uliza utafiti ukiisha na dawa ikifaa, hawa walioijaribu wataendelea kuipata, na kwa hela ya nani. Uliza kama kamati ya maadili imepitisha. Hapa Tanzania NIMR ina kazi hiyo, na namba ya simu ya kamati inatakiwa iwe kwenye fomu. Ukimwona mama anasaini huku jicho liko kwenye dirisha la dawa, zuia kalamu. Mwambie kwa lugha ya kwao kwamba akikataa atapata huduma ileile aliyokuwa anaipata jana. Umpe na nakala yake ya fomu, aende nayo nyumbani.

Kwa ajili ya mazungumzo kwenye vikundi vyenu wiki hii: mmepewa kuwa kamati ya maadili, mwaka ni 1995, dawa inagharimu dola 800, na watafiti wanaomba ruhusa ya makundi manne kama yale ya PETRA. Nusu ya kikundi wamtetee Daktari Mbidde kwa moyo wote, bila utani. Nusu nyingine wamtetee mama wa kundi la nne. Halafu mpige kura, na kila mmoja aseme kwa nini.