Nunua kwa Huyu, Uza kwa Yule: Haki Zako Baada ya Kufunga Sola Uingereza

Kampuni inayokuuzia umeme haina hati miliki ya jua linalopiga paa lako. Hilo Waswahili wengi waishio Uingereza hawaambiwi siku fundi anapokusanya vifaa vyake na kuaga. Tumekulia penye TANESCO au Kenya Power, shirika moja lenye nguzo, mita na bili, kwa hiyo tukishafunga sola tunadhani ziada lazima irudi kwa yule yule anayetuletea bili. Sivyo. Ukiwa England, Scotland au Wales, kununua umeme ni mkataba mmoja na kuuza ziada ni mkataba mwingine, na unaruhusiwa kununua kwa kampuni hii na kuuza kwa ile. Ireland Kaskazini ina soko lake na taratibu zake, haya hayaihusu.

Tuanze na kuuza. Tangu tarehe 1 Januari 2020 upo mpango unaoitwa Smart Export Guarantee, kwa kifupi SEG. Kila kampuni yenye wateja wa majumbani 150,000 au zaidi inalazimika kuwa na walau bei moja ya kununulia ziada kutoka kwa watu kama wewe. Sharti lenyewe kuhusu bei ni jepesi mno: iwe zaidi ya sifuri, basi. Mdhibiti, Ofgem, hapangi kima cha chini, na kwa maoni yangu hapo sheria imemwacha mwananchi njiani, kwa sababu kampuni moja inaweza kukupa peni chache kwa uniti na nyingine ikakupa mara tatu yake, na zote zikawa ndani ya sheria. Ule ukomo wa bei unaotangazwa kwenye taarifa za habari unahusu umeme unaoununua, haugusi unaouuza. Na kama hujaomba mkataba wa kuuza, ziada yako inaingia gridini bure. Usitegemee kulipwa ya miezi iliyopita.

Sasa ujanja wa kibiashara. Kampuni kadhaa huweka bei yao nzuri ya kununulia ziada kwa wale tu wanaonunua umeme kwao pia. Hilo si kosa, wala si baya kila mara, ila lipigie hesabu. Tuseme nyumba yako inatoa uniti 1,500 za ziada kwa mwaka. Kwa peni 4 utapata pauni 60. Kwa peni 15 utapata pauni 225. Huyu wa peni 15 anataka ununue kwake, na umeme wake ni ghali zaidi kwa peni 3 kwa uniti. Ukinunua uniti 2,000 kwa mwaka, tofauti hiyo itakula pauni 60, bado umebaki mbele kwa pauni 105. Lakini jirani yako mwenye gari la umeme, anayenunua uniti 6,000, atapoteza pauni 180 na ile nyongeza yake ya 165 itakuwa imemezwa yote na zaidi. Jua lile lile, mkataba ule ule, na mmoja ameumia.

Katika hesabu hiyo usiisahau tozo ya kila siku, ile unayolipa hata siku ambayo hukuvuta uniti hata moja. Mwenye sola hununua uniti chache, kwa hiyo tozo hii huchukua sehemu kubwa zaidi ya bili yake kuliko ya mtu asiye na paneli. Na kama una betri inayojichaji usiku kwa umeme wa bei nafuu, soma masharti ya anayenunua ziada: SEG inamruhusu kukataa kulipia umeme wa gridi uliopitia tu kwenye betri. Kodi ya mapato isikukoseshe usingizi. Mradi mtambo wako umewekwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani na si kuzalisha kupita kiasi kwa ajili ya kuuza, malipo ya ziada unayouza hayatozwi.

Haki ya kuchagua mnunuzi huja na karatasi, na hapa ndipo watu hukwama. Mnunuzi atataka cheti cha MCS au kinacholingana nacho, kuonyesha kwamba vifaa na fundi vilikidhi viwango. Atataka pia uthibitisho kwamba kampuni ya nyaya ya eneo lako imearifiwa. Hii si kampuni inayokutumia bili, ni ile inayomiliki nyaya za mtaani. Mtambo usiozidi ampea 16 kwa fezi, yaani kilowati 3.68 kwa nyumba ya fezi moja, hutolewa taarifa ndani ya siku 28 baada ya kuwashwa. Mkubwa zaidi huombewa kibali kabla ya kufungwa. Kipimo hicho kwa kawaida ni cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli utumike nyumbani, si jumla ya paneli. Fundi ndiye hufanya kazi hiyo, lakini iandikwe kwenye mkataba wake kabla hujalipa, kwa sababu fundi akishamaliziwa fedha zake simu hupokewa kwa tabu.

Kisha mita. Inatakiwa iweze kusoma ziada kila nusu saa, na mwenye jukumu la kukuwekea mita janja ni kampuni unayonunua kwake, hata kama unamuuzia mwingine. Nyumba yako ina namba ya tarakimu 13 ya kununulia umeme. Kwa kuuza hufunguliwa namba nyingine. Mnunuzi akikuambia anasubiri namba hiyo, uliza kwa maandishi anaisubiri kutoka kwa nani na tangu lini.

Ukinunua nyumba yenye paneli tayari, uliza kwanza ni za nani. Kuna mapaa yaliyokodishwa kwa kampuni kwa miaka 25, ambapo mwenye nyumba hutumia umeme wa mchana na malipo huenda kwa kampuni. Wakili wako auone mkataba huo kabla hujatia saini. Paneli nyingine ziko kwenye mpango wa zamani wa Feed-in Tariff, uliofunguliwa Aprili 2010 na kufungwa kwa waombaji wapya mwisho wa Machi 2019. Malipo ya kuzalisha ya mpango huo, yale ya kila uniti inayotoka kwenye paneli hata ukiitumia mwenyewe, unaweza kubaki nayo na kuhamishia upande wa kuuza kwenye SEG. Lakini wengi walio kwenye mpango huo hulipwa upande wa kuuza kwa kukadiria kwamba nusu ya umeme wote unauzwa. Kama mnashinda nyumbani na kuutumia mwingi, makadirio hayo yanawafaa ninyi, msiyakimbie.

Kuhama kampuni unayonunua kwake ni kwepesi: kawaida siku 5 za kazi, una siku 14 za kughairi, na katika siku 49 za mwisho za mkataba wa bei isiyobadilika huwezi kutozwa faini ya kuondoka. Deni la zaidi ya siku 28 linaweza kukuzuia. Upande wa kuuza hauna mwendo huo, kwa hiyo usivunje mkataba wa zamani wa kuuza kabla mpya haujathibitishwa.

Kampuni ikikuzungusha, andika lalamiko rasmi na utunze tarehe. Zikipita wiki 8 bila ufumbuzi, au ikikuandikia mapema kwamba imefika mwisho, peleka shauri kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya wateja na kampuni za nishati. Hulipi chochote, na ukiukubali uamuzi wake kampuni inabanwa nao. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, shirika la ushauri la Citizens Advice halitozi. Na kama bili ni ya mama au baba mzee ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, mwandikishe kwenye Priority Services Register ya kampuni yake, yaani daftari la wateja wanaohitaji msaada wa ziada: kutojua Kiingereza vizuri ni sababu tosha ya kuandikishwa, na ni bure.